Imepimwa, Imethaminiwa, Lakini Je, Imekaguliwa?

NYUMBA NA ARDHI: WASOMAJI WANAULIZA

Swali

Ndugu Mjibu Maswali,

Mimi ni mtumishi wa umma niliyehamia Dodoma na familia yangu kutoka Dar es Salaam. Mimi na mume wangu tumepata nyumba ya kununua katika kijiji kimoja cha Wilaya ya Chamwino, upande wa tambarare. Ina vyumba vinne, imejengwa kwa tofali za kuchoma na kuezekwa bati, na mwenyewe anasema aliijenga miaka tisa iliyopita. Tumeiona mara mbili, mwezi Julai na mwezi Agosti, na mara zote ilikuwa safi, imepakwa rangi upya ndani na nje. Dalali anatuhimiza tulipe kabla ya mvua kuanza kwa sababu, kwa maneno yake, yupo mteja mwingine. Kila tukiuliza habari za uimara wa jengo anajibu kwamba nyumba imepimwa, na tena mthamini alishaipitia wakati mwenyewe alipotaka mkopo. Shemeji yangu anashauri tumlipe mhandisi aikague kwa kina. Mume wangu anaona huko ni kutupa fedha, kwa kuwa nyumba ya kijijini haina mambo mengi na kila kitu kinaonekana kwa macho. Yupi kati yao tumsikilize? Na mhandisi akija, atazame nini?

Mama Watatu, Dodoma

Jibu

Mama Watatu, msikilizeni shemeji. Lakini kabla ya kueleza sababu, inafaa tuyatenganishe maneno matatu ambayo dalali ameyachanganya, pengine bila nia mbaya.

Kiwanja au shamba linapopimwa, anayefika ni mpima ardhi, ambaye huweka alama za mipaka, huchora ramani na kuandika ukubwa wa eneo. Nyumba iliyosimama katikati ya mipaka hiyo inaweza kuwa imepasuka vipande viwili na upimaji ukabaki sahihi kabisa. Kuthamini ni kazi nyingine: mthamini hukadiria bei ambayo mali ingeuzwa siku ile, na huifanya kazi hiyo kwa ajili ya yule aliyemtuma, ambaye kwa habari yenu alikuwa mkopeshaji, si ninyi. Hupita vyumbani na kuangalia hali ya jumla, lakini si wajibu wake kupanda darini na tochi wala kuchimba pembeni mwa msingi. Kukagua ndiko huko kupanda na kuchimba. Hata Uingereza, ambako chama cha wapimaji na wathamini kiitwacho RICS kimeweka ngazi tatu za ripoti za ukaguzi wa nyumba, wanunuzi huonywa kila siku kwamba uthamini uliofanywa kwa ajili ya benki haumwambii mnunuzi hali ya jengo. Na kwa kuwa mmenitajia mkopo, ulizeni kama ulichukuliwa, kama umelipwa, na karatasi za ardhi ziko mikononi mwa nani leo.

Jambo la pili ni majira. Dodoma hupata msimu mmoja wa mvua, kuanzia Desemba hivi hadi Aprili, na kwa mwaka wa kawaida mvua yenyewe ni kati ya milimita 500 na 600 tu, ila huja kwa vishindo. Miezi inayobaki ni ukavu. Mmeitazama nyumba Julai na Agosti, wakati paa haliwezi kuvuja, maji hayawezi kupita uani, na milango yote inafunga vizuri. Hapo mlichokiona ni rangi. Wahenga wamesema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, nami naona nyumba ambayo ni lazima iuzwe kabla ya mvua inajitembeza kidogo. Kama mnaweza kungoja hadi Januari, ngojeni. Kama hamwezi, basi mtafuteni mtu anayejua kusoma alama ambazo mvua za miaka iliyopita zimeziacha, na hiyo ndiyo kazi kubwa ya ukaguzi wa kiangazi.

Mkaguzi aanze na udongo kabla ya kuitazama nyumba. Mmesema ni tambarare, na katika tambarare za mkoa huu kuna udongo mweusi wa mbuga, ambao hunyonya maji na kuvimba wakati wa mvua, kisha hukauka, kusinyaa na kupasuka mipasuko mnayoweza kuingiza mkono. Nyumba iliyowekwa juu yake kwa msingi wa kina kifupi huinuliwa na kushushwa kila mwaka, tena upande mmoja zaidi ya mwingine, kwa sababu chini ya sakafu udongo hubaki na unyevu wake huku ule wa pembeni ukikauka. Miaka tisa ni kuinuliwa na kushushwa mara tisa. Mwombeni mwenye nyumba ruhusa ya kuchimba shimo dogo kando ya ukuta, kwenye kona moja, mpaka chini ya msingi. Shimo hilo huchimbwa kwa saa moja na hufukiwa kwa nusu saa. Litawaonyesha kina cha msingi, kama mawe yake yamejengwa kwa saruji au kwa tope, na kama umekanyaga udongo mwekundu wa mchanga, changarawe, au mbuga. Muuzaji akikataa shimo hilo, amekwisha kuwajibu.

Kisha nyufa. Zile nyembamba kama unywele zilizotapakaa juu ya plasta kwa kawaida ni za plasta yenyewe kukauka haraka, na hazinitishi. Ninazoziogopa ni zile zinazoanzia kwenye kona ya dirisha au mlango na kupanda kwa mshazari, zikifuata viungo vya tofali kama ngazi, zinazoonekana ndani na nje ya ukuta uleule, na hasa zile zinazopanuka kadiri zinavyopanda. Ufa unaozidi milimita 5 si wa kuzibwa na fundi rangi. Kwa kuwa nyumba yenu imepakwa rangi upya, mkaguzi apitishe tochi sambamba na ukuta, karibu kabisa na uso wake, maana mwanga wa pembeni hukitoa kivuli cha kila kiraka. Milango nayo husema: ile iliyopigwa randa juu au upande wa kitasa, mbao zikaonekana mpya, ilikuwa inagoma mvua zikinyesha.

Samani zisogezwe. Nililijifunza hili kwa fedha yangu. Nyumba niliyonunua miaka mingi iliyopita upande wa Bahi ilikuwa na kabati zito sebuleni, ambalo muuzaji alituachia kwa ukarimu uliotushangaza mimi na mke wangu. Mvua za kwanza ziliponyesha na mlango wa mbele ukakataa kufunga, tulilisogeza lile kabati, tukakuta ufa ambao kiganja cha mtoto kingepenya.

Sasa tofali. Katika tanuru la kienyeji, zile za katikati huiva na za pembeni hubaki nusu mbichi, na fundi asiye mwaminifu huzijenga zote kisha huzifunika kwa plasta. Nyuma ya nyumba, au kwenye choo cha nje, mara nyingi utakuta tofali za tanuru lilelile zilizobaki. Zigonganishwe mbili: zilizoiva hulia kama chungu kizima, mbichi hutoa mlio wa kufifia. Moja iloweshwe ndani ya ndoo usiku kucha, na asubuhi mtajua. Muhimu kuliko tofali ni kile kilichozishika. Kuna nyumba nyingi ambazo viungo vyake vinaonekana vya saruji kwa nje, lakini ukikwangua kwa msumari unapita ngozi nyembamba ya saruji na kukuta udongo mtupu. Ukuta wa namna hiyo hausimamishwi na kitu isipokuwa uzito wake na lenta, yaani mkanda wa zege na nondo unaopita juu ya milango na madirisha. Kwa hiyo mkaguzi athibitishe kama lenta imezunguka nyumba nzima au imewekwa juu ya milango na madirisha tu. Dodoma imo katika ukanda wa Bonde la Ufa na mitikisiko si migeni hapa, na tetemeko la Kagera la Septemba 10, 2016 lilionyesha wazi jinsi kuta zisizofungwa pamoja zinavyofunguka kwenye kona na kuanguka.

Chini ya ukuta, tazameni mahali plasta inapobanduka na kuacha unga mweupe. Hiyo ni chumvi inayopandishwa na unyevu kutoka ardhini, au iliyotiwa tangu mwanzo kwa maji ya kisima yaliyotumika kuchanganyia, maana maji ya chini ya ardhi katika sehemu nyingi za mkoa huu yana chumvi. Kupaka rangi juu yake ni kazi ya kila mwaka, na ikiwa chumvi hiyo imefika kwenye nondo za lenta, nondo hula kutu, zikavimba na kupasua zege.

Paa lina mambo mawili, bati na mbao. Ingieni darini saa sita mchana na kila mlango umefungwa, na kila tundu litajionyesha lenyewe kama nyota. Matundu yaliyopangana mstari mahali pasipo na papi, yaani mbao ambazo bati hupigiliwa juu yake, yanaonyesha kwamba bati liliwahi kuezekwa kwingine, kwa hiyo si la miaka tisa. Geji nayo iulizwe, na msisahau kwamba hapa namba inapopanda unene unashuka, yaani geji 32 ni nyembamba kuliko 28. Mbao za kenchi, yaani fremu zinazobeba paa, zichomwe kwa ncha ya bisibisi pale zinapokalia ukuta, kwa sababu mchwa hupanda kwa vijia vya udongo kupitia nyufa za ukuta na kuanzia hapo, na mbao iliyoliwa ndani hubaki nzima kwa nje. Ukijani uliofifia huonyesha mbao iliyotiwa dawa, ila ncha zilizokatwa na fundi baadaye huwa hazina dawa hiyo. Angalieni pia kama kenchi zimefungwa kwenye lenta kwa waya au chuma, kwa maana upepo wa Dodoma mnaujua.

Nje, fuateni maji. Mchanga uliorundikana upande mmoja wa ukuta, takataka zilizonasa kwenye uzio, msingi uliotokeza kwa sababu matone ya paa yamechimba udongo, na korongo lililoanza kama mfereji mwembamba nyuma ya jiko, vyote hivyo ni maandishi. Jirani mzee atawaonyesha kwa kidole maji yanapopita, na hatadai ada. Kuhusu umeme, fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa huduma za nishati na maji, apime kama nyaya zimeunganishwa na ardhi. Kuhusu choo, hakikisheni shimo lina kuta na haliko jirani na kisima.

Mhandisi msimchukue kutoka kwa dalali, wala asiwe aliyesimamia ujenzi. Hakikisheni amesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, na ikiwezekana aje na fundi mwashi wa eneo hilo anayeujua udongo wake. Kubalianeni malipo kabla, yasitegemee kama mtanunua au la. Awape ripoti ya maandishi yenye picha, tarehe ya ukaguzi, sehemu ambazo hakuweza kufika, kasoro zilizotenganishwa kati ya za haraka na za kusubiri, na makadirio ya gharama ya kila moja. Hapo mume wako ataona fedha imekwenda wapi, kwa sababu makadirio hayo ndiyo mtakayoyaweka mezani mbele ya muuzaji mnapozungumza bei.

Karatasi sizijadili kwa kirefu leo. Niseme tu kwamba, ikiwa ni ardhi ya kijiji, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inataka halmashauri ya kijiji iridhie uhamisho kwa mtu asiye mkazi, na kwamba kwa nyumba ya ndoa ni lazima mwenzi wa muuzaji awe ameridhia, kwa mujibu wa Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971. Kwa hiyo mke wa muuzaji naye aonekane.

Swali

Nimeuziwa wazo la kununua tembe la zamani Kondoa, nilitengeneze liwe nyumba ya mapumziko. Je, ukaguzi wa aina hii unafaa kwa nyumba ya udongo, au nibomoe tu?

Msomaji, Kondoa

Jibu

Unafaa, lakini uanzie juu. Tembe hubeba paa la udongo, na paa hilo linabebwa na nguzo na boriti, si na ukuta. Kila udongo unapoongezwa ili kuziba uvujaji, mzigo unaongezeka, na tembe la miaka mingi huwa limebeba tabaka juu ya tabaka. Pima unene wa udongo huo, tazama boriti zilizopinda, kisha fukua shina la kila nguzo kiasi cha nusu mita, kwa sababu nguzo huoza na kuliwa pale inapokutana na ardhi. Nguzo zikiwa nzima, ukuta wa udongo unaweza kutengenezwa kwa gharama ndogo. Tafadhali usiupige plasta ya saruji: hufungia unyevu ndani, na ukuta hulainika nyuma ya ganda lililo gumu.

Swali

Muuzaji amekataa mkaguzi asiingie, akisema huko ni kumdharau. Nifanye nini?

Msomaji, Kongwa

Jibu

Mtume mzee anayeheshimiwa na pande zote mbili akamweleze kwamba shimo litafukiwa, plasta itarudishwa na gharama ni yako. Wengi hulegea. Akikataa baada ya hapo, mwambie utarudi Januari kuitazama nyumba mvua ikinyesha, na usiache hata shilingi ya kishika nafasi.