Kinundu cha kidole gumba cha mguu: kwa nini mfupa ukatwe, usichongwe tu?

SWALI: Daktari, shikamoo. Nina kinundu kando ya kidole gumba cha mguu, na kidole chenyewe kimelalia cha pili. Viatu vyote vinanitesa. Nimeambiwa nitakatwa mfupa kwa njia ya Chevron, lakini mwenzangu alifanyiwa Scarf. Kwa nini tofauti? Na kwa nini kinundu kisichongwe tu?

JIBU: Marahaba, na pole kwa maumivu. Sehemu kubwa ya kinundu hicho si mfupa mpya ulioota. Ni kichwa cha metatasali ya kwanza, yaani mfupa mrefu wa unyayo unaobeba kidole gumba, kilichochomoza kwa sababu mfupa huo umeachana na wa pili. Ukichongwa tu, mfupa unabaki umekwenda upande na kidole kinarudi kulalia jirani yake.

Kinachoamua aina ya mkato ni pembe kati ya metatasali hizo mbili. Kawaida haizidi digrii 9. Ikiwa chini ya 15 hivi, Chevron hutosha: kichwa cha mfupa hukatwa kwa umbo la V lenye digrii 60 hivi, husukumwa upande wa kidole cha pili, kisha hufungwa kwa skrubu ndogo. Kila milimita moja ya kusogeza hupunguza pembe kwa karibu digrii 1. Kichwa hakisukumwi kupita nusu ya upana wa mfupa, kwani mshiko unakuwa mdogo mno.

Pembe ikiwa kubwa zaidi, Scarf hukata umbo la Z kando ya urefu wa mfupa. Nguvu yake ni eneo pana la kuungana. Udhaifu wake ni kwamba kipande kimoja kinaweza kudidimia ndani ya kingine, hasa mfupa ukiwa laini. Kiungo kilicho nyuma ya metatasali hiyo, katikati ya unyayo, kikiwa kimelegea, upasuaji uitwao Lapidus hukigandisha kabisa.

Mambo mawili huharibu kazi nzuri. Msumeno usipomwagiwa maji ya chumvi wakati wa kukata, joto huua mfupa na hauungi vizuri. Na mfupa ukifupika, uzito huhamia chini ya kidole cha pili, panaota sugu na maumivu mapya.

Baadaye utakanyagia kisigino kwa kiatu cha soli ngumu, kwa kawaida wiki 6. Sigara uiache kabla, maana huchelewesha mfupa kuunga.

Kabla hujasaini fomu, uliza pembe yako ni digrii ngapi, na kama eksirei ilipigwa umesimama. Ukipigwa umelala, mguu haujabeba uzito na pembe huonekana ndogo kuliko ilivyo.