Pointi za Kadi Zinavyonilipia Kulala Iringa

Nina duka la vifaa vya shule Mwanjelwa, hapa Mbeya. Mara 4 kwa mwaka nateremka Dar es Salaam kufuata mzigo. Mzigo mkubwa huja na lori, mimi naendesha gari langu dogo na mdogo wangu akiwa pembeni. Ni kama kilomita 830 kwenda na nyingine 830 kurudi. Wakati wa kurudi silazimishi kumaliza njia kwa siku moja. Tukishapanda mlima wa Kitonga jioni tunalala Iringa, na asubuhi ndiyo tunaikamata njia ya Mafinga na Makambako tukiwa na macho.

Kati ya malazi hayo manne ya mwaka, mawili hulipwa na pointi za kadi yangu ya mkopo. Wenzangu wa sokoni wameniuliza sana nafanyaje, na wawili wameshachukua kadi kwa sababu yangu. Hilo limenifanya nione nina wajibu wa kueleza yote, pamoja na mwaka ambao kadi hiyohiyo ilinila.

Kwanza tuelewane kuhusu kadi yenyewe. Kadi ambazo wengi wetu tunazo pochini ni za kutolea pesa yetu tuliyoiweka benki. Kadi ya mkopo ni kitu kingine: benki inakulipia leo, mwisho wa mwezi inakutumia taarifa ya ulichotumia, kisha inakupa siku kadhaa za kulipa bila riba. Ukilipa deni lote ndani ya siku hizo, umetumia pesa ya benki bure. Ukiacha hata sehemu, riba inaanza. Afisa aliyenifungulia aliniambia, "Dada, ukiishika hii jua umeshika mkopo, hujashika mshahara." Nilitikisa kichwa kana kwamba nimeelewa. Nilikuja kuelewa mwaka mmoja baadaye.

Pointi nazo hazitoki hewani. Kila unapochanja kadi, mwenye duka anakatwa asilimia fulani ya mauzo yake, na sehemu ya makato hayo ndiyo inayokurudia wewe. Ndiyo maana makala za Marekani zinazoonyesha mtu amezunguka nchi nzima kwa pointi hazitufai sana huku. Kule makato ni makubwa na mabenki yanagombania wateja kwa zawadi nono za kujiunga. Ulaya, tangu 2015, sheria imebana ile sehemu ya makato inayokwenda kwa benki iliyotoa kadi isizidi asilimia 0.3 kwa kadi za mkopo za wateja wa kawaida, na zawadi zikapungua. Kwa hiyo usipime kadi yako kwa hadithi ya mtu wa Chicago. Pima kwa masharti ya benki yako.

Yangu inanipa pointi 1 kwa kila shilingi 1,000, na pointi 1 inarudi kama shilingi 10 kwenye hesabu ya kadi. Maana yake ni asilimia 1. Sasa tuiingize barabarani.

Gari langu linakwenda kilomita 12 kwa lita. Kwenda na kurudi ni kilomita 1,660, yaani lita 138 hivi. Tukiweka lita kwa shilingi 3,000 ili hesabu iwe nyepesi, mafuta ni kama 415,000. Nikiyalipa yote kwa kadi napata shilingi 4,150. Hiyo ndiyo faida ya pointi kwa safari nzima ya Mbeya na Dar: sahani ya wali na soda.

Sasa linganisha na faini. Kosa moja la barabarani ni shilingi 30,000. Ukipita Igurusi, Chimala au Ilula kwa 65 penye kibao cha 50, pointi za mafuta za safari saba zimekwenda kwa dakika moja. Ukizidisha mwendo ndani ya Mikumi, ambako barabara inakatiza hifadhi kwa kama kilomita 50, na ukamgonga mnyama, hapo tena si suala la pointi. Mtu akiniuliza njia ya kwanza ya kuokoa pesa safarini namwambia apunguze mwendo kwenye vibao vya 50. Kadi baadaye.

Na kabla ya kadi kuna mafuta yenyewe. EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji, hutangaza bei kikomo kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, mji kwa mji. Soma jedwali lile. Kwa mafuta yanayoshushwa bandari ya Dar, kadiri unavyokuja huku nyanda za juu ndivyo lita inavyopanda, kwa sababu nauli ya kuyasafirisha imo ndani ya bei. Tenki langu ni la lita 60. Nikijaza full Dar nafika Makambako bila kuongeza, na hapo natia ya kunifikisha nyumbani tu. Nikiwa nateremka nafanya kinyume: Mbeya natia ya kunivusha salama, najazia Morogoro. Hesabu hii imeniokolea pesa nyingi kuliko pointi za sheli.

Halafu sheli nyingi za njiani hazipendi kadi, na siwalaumu. Bei imeshawekewa kikomo, faida ya lita ni ndogo, na makato ya kadi yanaimega faida hiyohiyo. Utasikia, "Mama, mashine haina mtandao, lipa kwa namba." Wapo pia wanaokuongezea asilimia kadhaa ukitaka kuchanja. Pointi zako ni asilimia 1. Akikuongezea 2 au 3 umeshapata hasara kabla ya kuondoka kwenye pampu. Uliza kwanza, "Kwa kadi bei ni ileile?" Kama si ileile, lipa kwa simu au taslimu.

Basi malazi ya Iringa yanatoka wapi, kama mafuta yanazaa 4,150 tu? Yanatoka kwenye matumizi ya mwaka mzima ambayo ningeyafanya hata kama kadi isingekuwepo. Bima kubwa ya gari. Matairi. Ada za watoto, kwa kuwa shule yao inapokea kadi. Manunuzi ya supamaketi. Muuza jumla mmoja wa karatasi aliyekubali kadi kwa bei ileile ya taslimu, na huyo ndiye anayenijazia kikapu. Kwa wastani ni shilingi 1,200,000 kwa mwezi, sawa na 14,400,000 kwa mwaka. Hapo zinapatikana pointi 14,400, yaani shilingi 144,000. Natoa ada ya mwaka ya kadi, 50,000. Inabaki 94,000. Chumba ninacholala Iringa ni 45,000. Usiku mara mbili, na chenji ya chai.

Kama matumizi yako kwa mwezi ni laki 3, rudia hesabu hiyo kabla ya kusaini chochote. Pointi za mwaka zitakuwa za shilingi 36,000 na ada 50,000. Kadi ya namna hiyo haikufai, na hakuna ubaya wowote kubaki na ile ya kawaida na simu yako.

Sasa ule mwaka wa hasara. Niliona tangazo la pointi maradufu hadi mwisho wa mwezi. Nilikuwa Dar, nikanunua jokofu la 900,000. Nyumbani tulikuwa na jokofu, tena zima. Nilichokiona ni zile pointi 1,800 tu, yaani shilingi 18,000, na nikajiona mwerevu. Wakati wa kurudi shokapu ya mbele ikafa karibu na Makambako. Fundi alitaka taslimu, nami taslimu nilikuwa nimeshaimaliza Kariakoo. Nikaenda kwenye ATM nikatoa laki 5 kwa kadi ya mkopo.

Hilo ndilo kosa ninalotaka ulikumbuke kuliko mengine yote. Kutoa pesa taslimu kwa kadi ya mkopo si sawa na kununua. Unakatwa ada ya kutoa, riba inaanza siku hiyohiyo bila zile siku za bure, na pointi hakuna. Mwezi huo deni likanielemea. Nikawa nalipa kile kiwango cha chini walichoandika kwenye taarifa nikidhani nafanya vizuri kwa kuwa sichelewi. Deni likakaa likizungukia laki 6 kwa miezi minne. Riba yangu ilikuwa asilimia 3 kwa mwezi, 18,000 kila mwezi, na ikanitoka zaidi ya 70,000. Pointi ambazo laki 6 zinazaa ni za shilingi 6,000. Mwezi mmoja tu wa riba unazila mara tatu.

Baba watoto hakunigombeza. Alichukua daftari la duka, akachora mstari katikati, upande mmoja akaandika pointi, upande mwingine riba na ada. Nililitazama lile daftari usiku ule, na bado ninalo.

Tangu hapo siku ninayochanja kadi ndiyo siku ninayotenga pesa yake. Nikilipa bima 600,000 kwa kadi, natoa 600,000 kwenye akaunti ya duka naiweka akaunti ya pembeni, inasubiri taarifa. Sisubiri mauzo ya kesho. Mauzo ya vifaa vya shule ni Januari na Julai. Deni halijui msimu. Na kwa ajili ya shokapu, pancha na mengine ya njiani, kuna 300,000 kwenye simu ambayo haiguswi mpaka nimefika.

Bado kuna sehemu za njia hii ambazo kadi haina kazi kabisa, na ndizo zenye neema. Vitunguu vya Ruaha Mbuyuni, nyanya za Ilula, viazi vya kwetu Uyole. Yule mama wa Ilula ukimwamkia "Kamwene" na ukawa na noti ndogo mkononi, mtaelewana. Tenga pesa hiyo kabla ya safari. Mimi nabeba vitunguu vya kutosha nyumba mbili, yangu na ya mama yangu Tukuyu, na tofauti ya bei kati ya pale na sokoni kwetu inazidi pointi za mafuta ya safari.

Hotelini napo kuwa makini. Mara moja, kwenye nyumba ya wageni ya njiani, mashine iliandika muamala umekataliwa. Dada wa mapokezi akaniomba nichanje tena. Nikachanja, ikakubali. Tulipokuwa tunapakia mabegi zikaingia meseji mbili za makato. Kilichonisaidia ni kwamba niliomba kile kikaratasi cha kukataliwa na nikakihifadhi pamoja na risiti. Pesa ilirudi, lakini ilichukua wiki tatu na simu nyingi. Siku hizi mashine ikikataa, nasubiri dakika chache, naangalia meseji za benki na salio la kadi, ndipo naamua. Na kadi yangu haiendi chumba cha ndani kufuata mtandao. Mashine ndiyo inakuja nilipo, au mimi naifuata.

Kwa mnaovuka Tunduma kwenda Zambia au Kasumulu kwenda Malawi: mashine ikikuuliza ulipe kwa shilingi au kwa kwacha, chagua kwacha. Ukichagua shilingi, kiwango cha kubadilisha kinapangwa huko kwenye mashine, na mara nyingi kinakuumiza. Na uliza benki yako inakata kiasi gani kwa matumizi ya nje, kwa sababu makato hayo peke yake yanaweza kuzidi pointi utakazopata. Bima ya gari nayo haivuki yenyewe. Kata kadi ya njano ya COMESA kabla hujafika mpakani ukiwa na haraka.

Jambo dogo la mwisho, ila lilimtokea shoga yangu wa Mafinga: pointi zina tarehe ya kufa. Alikusanya miaka miwili akisubiri zifike za kumpeleka Zanzibar, akakuta sehemu kubwa imefutwa. Tafuta tarehe hiyo kwenye masharti, iandike kwenye simu, zitumie mapema hata kwa kitu kidogo.

Safari yangu ijayo ni mwishoni mwa Novemba, kufuata madaftari ya Januari. Deni la kadi nimeshalilipa lote jana. Pointi zilizopo ni 6,200, yaani shilingi 62,000. Chumba cha Iringa kimepatikana, na inabaki 17,000, ambayo ni chakula cha usiku kwa watu wawili. Noti za nyanya nitazichenji Ijumaa.