Ukipanda mlimani kutafuta mahame, anza na mimea

Watu wengi wakisikia mahame, yaani makazi ya zamani yaliyohamwa, hutarajia kuta. Kwenye vilima vya Magu, mkoani Mwanza, vile vinavyotazama Ghuba ya Speke ya Ziwa Victoria, kuta utazikosa. Nyumba za tope zilizohamwa wakati wa Operesheni Vijiji, serikali ilipowahamishia watu kwenye vijiji vya pamoja, mwaka 1974, mvua imeshazilaza zamani.

Mimi hutazama mimea kwanza. Ukiona mstari wa minyaa, ile miti ya kuzungushia ua, uliopita kimo cha mtu katikati ya pori, hapo palikuwa na makazi ya watu. Mkonge nao haupotei upesi. Ukishatoa mlingoti na kuchanua hufa, lakini machipukizi yake hushika zamu, hivyo mpaka wa shamba unabaki hata kama aliyeupanda keshazikwa. Ukishaingia ndani ya mpaka huo, inama: mafiga, vigae vya vyungu, na ukibahatika, jiwe la kusagia lililobonyea katikati. Hilo ndilo nilipendalo kuliko yote. Pitisha kiganja, pale mkono wa msagaji ulipopita ni laini kama sabuni. Kisha liache hapohapo.

Ila kabla hujapanda, ripoti kwa mwenyekiti wa kitongoji. Huku kwetu mgeni anayezungukazunguka mlimani huhisiwa anatafuta dhahabu au rupia za Mjerumani, na ukikutwa na sururu, jitetee utakavyo. Mzee mmoja niliyempa shikamoo aliitikia marahaba huku macho yake yako kwenye begi langu.

"Umekuja kuchimba?"

"Hapana babu, kuangalia tu."

Akamwita mjukuu wake anisindikize, anionyeshe makaburi ya ukoo nisije nikayakanyaga. Peke yangu nisingeyajua; ni mawe tu yaliyopangwa. Mahame yana wenyewe, hata kama siku hizi wanaishi chini barabarani.

Nenda kiangazi, Julai au Agosti, ng'ombe wakiwa wameshapunguza nyasi. Vaa viatu vinavyofunika vifundo na ushike fimbo, maana nyoka aitwaye moma hana kawaida ya kukimbia hatua za mtu; hulala tuli mpaka umkanyage. Usitie mkono kwenye nyufa za mawe, hata kama umeona pimbi akitokea humo.

Na minyaa usiivunje ili upate njia, zunguka. Utomvu wake mweupe ukiingia jichoni unaunguza vibaya na unaweza kukuzimia macho kwa siku kadhaa. Ukikupata, osha kwa maji mengi safi papo hapo, halafu shuka kituo cha afya. Kwa hiyo mbali na maji ya kunywa, beba chupa nyingine ya macho.