Kitunguu saumu cha bustanini: maswali yenu

Maswali ya safari hii yote ni ya kitunguu saumu, na mengi yametoka kwa watu waliokwisha kuvuna, jembe limeshawekwa chini. Naanza na aliyekasirika kuliko wote.

Nimeng'oa miche yangu nikakuta kila mmoja una kitunguu kimoja cha mviringo, hakina punje. Nimeuziwa mbegu ya kitunguu maji?

Kata kimoja ukinuse, utapata jibu. Hujatapeliwa: ni saumu, ila haikugawanyika. Mmea huu lazima upigwe na baridi, wiki kadhaa chini ya nyuzijoto 10 hivi, ndipo vichipukizi vilivyolala ndani ya tunguu viamke na kila kimoja kiwe punje. Ukiikosa hiyo baridi, au ukipanda kwa kuchelewa, mmea unarundika chakula chake chote mahali pamoja. Tena wengine wanakipenda hivyohivyo, maana unamenya mara moja tu.

Kama unapoishi hakuna baridi ya kutosha, weka vichwa vya mbegu kwenye friji wiki 6 hadi 8, ndani ya mfuko wa karatasi, kisha vitoke humo viende moja kwa moja kwenye tuta. Ukivitoa ukavirudisha kabatini mwezi mzima kungoja nafasi ya kupanda, umepoteza kazi. Hivyo vya mviringo ulivyovuna usivitupe: kula, au panda tena. Vikipata baridi vitagawanyika, na mara nyingi hutoa vichwa vizuri kweli.

Naweza kupanda vile vya kununua kwa ajili ya jikoni?

Unaweza, ila kuna mambo mawili. Vingine vimetiwa dawa ili visichipue, kwa hiyo vitakaa ardhini hadi vioze. Jambo la pili ndilo linalonitisha: kichwa kinaweza kukuletea uozo mweupe, kuvu anayeacha mbegu ndogo nyeusi udongoni, na hizo hukaa hai miaka 20 na zaidi. Sehemu hiyo ya bustani haitakufaa tena kwa saumu wala kwa vitunguu vya aina yoyote. Kama huna mbegu nyingine, jaribu kwanza kwenye ndoo.

Chochote utakachopanda, chagua punje kubwa za vichwa vikubwa. Saumu haizai kwa mbegu za ua kama mchicha. Punje unayoiweka ardhini ndiyo inayojirudia, na ukipanda vidogo kila msimu utavuna vidogo. Kichwa kivunje siku ileile ya kupanda, punje uiache na ganda lake. Tako chini, ncha juu, kina cha sentimita 5 hivi, na kati ya punje na punje acha sentimita 10 hadi 15.

Nitajuaje vimekomaa? Vitunguu maji huwa nasubiri majani yalale.

Ukisubiri hivyo kwa saumu, kwa aina nyingi utakuwa umechelewa. Hapa tunahesabu majani. Chini ya ardhi, kila jani linaendelea kuwa ganda moja linalokizunguka kichwa. Jani likikauka, ganda lake nalo huanza kuchakaa. Majani matatu au manne ya chini yakiwa yamekauka na matano au sita ya juu bado kijani, una maganda ya kutosha kuhifadhi kichwa, na punje zimejaa.

Usiniamini mimi, amini kisu. Chimbua kimoja, kikate katikati kwa mlalo. Kama maganda bado mazito, yenye maji, na punje zimebanana na shina bila mwanya, rudi baada ya wiki. Kama punje zimetuna, kila moja imejitenga na jirani yake na ganda la nje limebaki kama karatasi, acha kila kitu uvune. Ukikuta ganda limepasuka na punje zimechanua kama vidole vya mkono uliofunguliwa, na udongo umeingia katikati, hivyo vitaliwa lakini havitakaa.

Maji uwe umesitisha wiki 2 kabla. Na usivute kwa kushika shingo! Ingiza uma wa bustani pembeni kidogo, inua udongo, ndipo uchukue. Saumu iliyotoka ardhini ni laini kama yai. Ukiirusha kwenye karai inachubuka, na palipochubuka ndipo uozo unapoanzia.

Mimea imetoa kikonyo kilichojisokota kama mkia wa kinyonga. Nikikate?

Kikate ukile. Kina ladha ya saumu changa, na nguvu iliyokuwa iende kwenye ua itarudi chini kwenye kichwa.

Nilivuna, nikaviosha vizuri, nikavipanga ndani. Baada ya wiki 3 ukungu umejaa.

Hapo kwenye "nikaviosha vizuri". Mavuno yangu ya kwanza niliyaosha hata mimi, kwa sababu nilitaka yapendeze. Yalipendeza siku nne.

Usioshe. Pangusa udongo kwa mkono, acha majani na mizizi, tundika mafungu madogo kivulini mahali penye upepo kwa wiki 2 hadi 4. Usivianike juani, jua kali linavipika. Kipimo ni shingo: ibonye kwa vidole juu kidogo ya kichwa, na ukihisi unyevu au inateleza ndani, bado. Ikikauka kabisa ndipo ukate shina na kupunguza mizizi. Baada ya hapo tumia wavu au kikapu, popote hewa inapopita, wala si mfuko wa plastiki. Na si friji: ubaridi ule uliokuwa mzuri kabla ya kupanda sasa utaviamsha vichipue.

Nimemenya vingi nikavitia kwenye chupa ya mafuta, nimeweka kabatini mwezi mmoja. Bado vizuri?

Mwaga. Usionje hata tone. Saumu hutoka ardhini na vijimbegu vya bakteria wa botulizimu, na bakteria hao hustawi pasipo hewa wala asidi, ndivyo hasa palivyo ndani ya mafuta. Sumu yao haibadilishi harufu wala rangi, na inaua. Ukitaka saumu ya kwenye mafuta, tengeneza kidogo, weka kwenye friji, maliza ndani ya siku 4. Iliyobaki igandishe.

Na iliyo kwenye siki imegeuka kijani, kama imetiwa wino!

Hiyo kula. Ni kemikali za salfa za saumu yenyewe zimekutana na asidi. Inatisha macho tu.

Ni kweli ukishaponda lazima usubiri dakika 10 kabla ya kupika?

Kuna ukweli. Punje nzima hainuki sana. Ukiiponda, vitu viwili vilivyokuwa vimetengwa ndani ya chembe zake vinakutana na kuzaa alisini, ambayo ndiyo ukali wenyewe. Moto unaua kimeng'enya kinachofanya kazi hiyo, kwa hiyo ukitaka ukali ubaki, ponda kwanza, acha kidogo, kisha pika. Ukitaka saumu tamu na ya upole, ichome nzima na ganda lake. Mimi kwa kawaida sisubiri, njaa hainiruhusu.

Mama anatumia dawa za kuzuia damu kuganda, na kila asubuhi anameza punje mbichi. Kuna tatizo?

Amwambie daktari wake, tena mapema kama ana upasuaji mbele. Ya kwenye chakula kwa kawaida haina neno, lakini mbichi nyingi kila siku, au vidonge vyake, vinaweza kuzidisha kutoka damu. Na asijifunge iliyopondwa kwenye ngozi. Inaunguza hadi malengelenge.

Vilivyobaki vimechipua. Nitupe?

Vinaliwa. Pasua punje, toa kile kichipukizi cha kijani kama uchungu wake unakukera. Kama msimu wa kupanda umefika, zile kubwa zipeleke kwenye tuta.