Kabla hujalipia huyo mtoto wa paka

Dada, nimekuelewa: muuzaji wa Malindi anadai kipaka ni wa uzao wa Sokoke, bei iko juu, na mwanao hupiga chafya akishika paka wa jirani.

Sokoke ni paka wa Pwani kweli. Uzao unaotambulika ulianzia kwa watoto wa paka waliookotwa karibu na Watamu mwaka 1978. Ila mistari na madoa havithibitishi kitu. Hata ile alama ya M kwenye paji la uso, paka tele wa mitaani wanayo. Kama hana karatasi za ukoo, usilipie jina.

La mtoto ndilo linalonitia wasiwasi. Kinachomsumbua si manyoya yenyewe, ni protini iliyo kwenye mate na ngozi ya paka. Paka akijilamba huipaka mwili mzima, ikikauka inapeperuka. Ndiyo maana hakuna aina iliyo salama kabisa, hata wasio na manyoya.

Kama ana pumu, muone daktari kwanza. Kama hana, mpeleke akacheze na kipaka huyohuyo mara kadhaa, kwa siku tofauti. Sisi tulijaribu siku moja tu, mambo yakawa shwari. Miezi miwili baadaye tukalazimika kumrudisha paka na watoto wakalia sana.

Kifua kikibana au kikitoa sauti ya filimbi, sitisha mpango, nenda hospitali; kipimo cha mzio cha ngozi kipo. Na mkimchukua, chumba anacholala mtoto paka asiingie kabisa.