Kupanda Kanisa Jipya: Maswali Yenu Kuhusu Kiwanja, Sadaka na Washirika

Tuko familia 12 za Waanglikana kutoka Ituri, mashariki mwa Kongo, tunaishi katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, na tunasali sebuleni kwa mzee mmoja. Tuanzie wapi ili tuwe kanisa linalotambulika?

Anzeni kwa kasisi wa parokia iliyo karibu, kabla hamjachagua jina wala kukata nguzo ya kwanza. Katika Kanisa la Uganda, kusanyiko la kijiji liko chini ya parokia, parokia chini ya arkidikoni (msimamizi wa parokia kadhaa), na wote chini ya askofu. Mpelekeeni kasisi orodha safi: nani amebatizwa, nani ana kipaimara, nani amefunga ndoa kanisani, nani alikuwa katekista huko nyumbani. Vyeti vingi vilipotea wakati wa kukimbia. Asiye nacho aandikiwe ushuhuda na watu wawili wanaomfahamu, kisha kasisi aamue. Mtu habatizwi upya kwa sababu karatasi imepotea.

Mwombeni kasisi awape msomaji na siku maalumu ya Meza ya Bwana, yaani Ushirika Mtakatifu. Msomaji mwenye kibali huongoza Sala ya Asubuhi na kuhubiri, lakini Ushirika Mtakatifu huongozwa na kasisi au askofu. Hata shemasi haruhusiwi. Kasisi mwenye makanisa manane na pikipiki moja hawezi kuwafikia kila Jumapili, kwa hiyo uhai wa kusanyiko uko mikononi mwa msomaji. Hapo ndipo wengi hukosea, wakamteua mwenye sauti nzuri. Mtafuteni yule anayeonekana kwa wagonjwa siku ya Jumatano.

Ardhi ya makazi ya wakimbizi inasimamiwa na Ofisi ya Waziri Mkuu, hivyo hati ya kumiliki hamtaipata. Mnachohitaji ni ruhusa ya maandishi kutoka kwa kamandanti, yaani mkuu wa makazi, mkipitia kwa mwenyekiti wa RWC1, baraza la wakimbizi la ngazi ya chini. Jengeni kitu kinachoweza kufunguliwa na kuhamishwa.

Na msijione wageni katika kanisa hili. Apolo Kivebulaya, Mganda, alivuka kwenda Boga, huko huko Ituri, mwaka 1896 kupeleka Injili kwa wazee wenu.

Mzee mmoja hapa Mukono ametupa kibanja cha kujenga kanisa. Ametamka mbele ya watu wote Jumapili. Je, tuanze kufyatua matofali?

Bado. Neno la Jumapili ni zawadi ya kweli, lakini mzee akishafariki wajukuu watasema hawakuwepo, na mara nyingi kesi hufika wakati ukuta umeshafika kwenye linta, juu ya milango na madirisha.

Kwanza jueni anachotoa. Kwenye ardhi ya mailo (ardhi ya hati ya kudumu, hasa Buganda), mwenye hati ni mmoja na mwenye kibanja, yaani anayekaa na kulima juu yake, ni mwingine. Mwenye kibanja hutoa kibanja tu, na kukihamishia kwa mtu mwingine kunahitaji ridhaa ya mwenye ardhi. Pateni ridhaa hiyo kwa maandishi, pamoja na risiti za busuulu (kodi ya mwaka kwa mwenye ardhi) alizolipa mzee. Kama ni mwenye hati ndiye anayetoa, nendeni ofisi ya ardhi ya kanda mkatafute taarifa za hati: je, jina ni lake, kuna mkopo wa benki juu yake, kuna pingamizi? Halafu mtembee shambani, maana huenda kuna familia yenye kibanja palepale na haki yake haifutwi na hati ya mwingine.

Pili, familia. Sheria ya Ardhi ya 1998 inataka ridhaa ya mume au mke kabla ya kutoa ardhi ambayo familia inakaa au inapata riziki yake. Mke wa mzee asaini. Watoto wazima nao wasaini kama mashahidi, hata kama sheria haiwalazimishi, kwa kuwa hao ndio watakaowashtaki kesho. Majirani wa pande zote nne waonyeshe mipaka, mpima ardhi aweke mawe, mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji, agonge mhuri.

Tatu, jina la mpokeaji. Msiandike jina la mchungaji, wala la mweka hazina, wala "Kanisa la Mtakatifu Petro" tupu, kwa sababu kusanyiko peke yake si mtu mbele ya sheria. Ardhi iandikwe kwa bodi ya wadhamini iliyosajiliwa ya kanisa. Ofisi ya dayosisi itawapa jina kamili, nanyi mnakili jina hilo herufi kwa herufi.

Kuhusu ukubwa: kiwanja cha futi 50 kwa 100 ni kama mita 15 kwa 30. Jengo la mita 8 kwa 12 linatosha watu 100 hivi na linaingia hapo, lakini vyoo, nyumba ya kasisi na shule ya Jumapili vitabanana. Kama mzee ana moyo, mwombeni robo ya ekari au zaidi.

Ibada iwe kwa Kiswahili au Kiganda?

Kwa lugha ambayo watu huitumia kuomba wakiwa na uchungu. Mkiwa mchanganyiko, somo moja lisomwe kwa kila lugha na mahubiri yatafsiriwe sentensi kwa sentensi. Mhubiri apunguze urefu kwa nusu, vinginevyo watoto watalala.

Mweka hazina wetu anapokea sadaka pia kwenye simu yake. Kuna ubaya?

Upo, hata kama ni mwaminifu kabisa. Laini imesajiliwa kwa kitambulisho chake. Akifariki au akihama, pesa za kanisa zinakuwa zimefungwa ndani ya jina lake. Fungueni akaunti ya benki au SACCO (chama cha akiba na mikopo) kupitia parokia, yenye wasaini watatu na wawili kati yao walazimike kusaini. Mpaka hapo, jumla ya pesa za simu isomwe kwa sauti kila Jumapili, na kila Jumatatu pesa zote zitolewe kwenye simu hiyo.

Sadaka ya kikapu ihesabiwe kabla watu hawajatawanyika, na watu wawili wasio ndugu, noti kwa aina zake, kisha wote wasaini. Vivyo hivyo mnada wa mazao yaliyotolewa sadaka: andikeni aliyenunua na kama amelipa. Nanasi lililopandishwa hadi shilingi 20,000 kwa furaha ya ibada na halijalipwa lisihesabiwe kwenye bajeti ya mabati.

Paa letu ni la bati, na radi zinatutisha.

Mna haki ya kuogopa. Novemba 2024 radi iliua watu 14 waliokusanyika kusali katika makazi ya wakimbizi ya Palabek, wilaya ya Lamwo, kaskazini mwa Uganda. Wekeni kinga radi: ncha ya shaba juu ya paa, waya mnene wa shaba unaoshuka bila kona kali, na fimbo iliyozamishwa ardhini penye unyevu. Mita mbili za chini za waya zipitishwe ndani ya bomba gumu la plastiki, kwa sababu wezi hukata shaba.

Parokia rafiki kutoka Uingereza inataka kutusaidia, na imetaja kisima. Tukubaliane vipi?

Andikeni makubaliano ya ukurasa mmoja, yapitie kwa askofu: nani analeta nini, lini, pesa zinaingia akaunti ipi, nani anatoa ripoti, na mwisho ni lini. Upande wenu usiwe mtupu. Andikeni matofali, mchanga, siku za kazi na chakula cha mafundi. Posho ya msomaji isitoke nje, maana msaada ukikatika naye ataondoka.

Kuhusu kisima cha pampu ya mkono, kichimbwe nje ya uzio wa kanisa, kwa kibali cha maandishi cha mwenye eneo, ili Mwislamu na Mkatoliki wachote bila kubisha hodi. Waingizeni kwenye kamati ya maji tangu siku ya kwanza. Ulizeni pia kuhusu mabomba: penye maji yenye asidi, mabomba ya chuma yaliyopakwa zinki hushika kutu, maji yanakuwa mekundu, na akina mama wanarudi kwenye bwawa huku pampu ikiwa nzima. Ombeni maji yapimwe kwanza, na kama yana asidi, mabomba yawe ya chuma kisichoshika kutu au ya plastiki ngumu. Kila nyumba ichangie kidogo kila mwezi kwa ajili ya mipira ya pistoni na mnyororo, na namba ya fundi wa pampu wa kaunti ndogo iandikwe ukutani pale pale kisimani.