Maswali na Majibu: Hesabu ya Kompresa Inapogoma Karibu na Stoli

Swali: Shikamoo mhandisi. Kwa mradi wangu wa shahada naiga kwa kompyuta mtiririko wa hewa katika NASA Rotor 37, rota ya kompresa iliyopimwa na NASA, kwa spidi yake kamili. Joto la kuingilia nimeliweka nyuzi 32, kama hewa ya hapa kwetu. Hali ya kawaida hesabu hutulia, lakini nikipandisha presha ya kutokea ili niikaribie stoli (hali ambayo hewa huachana na panga na kompresa hushindwa kuisukuma), huvurugika na programu hukatika. Nimepunguza hatua za hesabu mara nyingi bila mafanikio. Nifanyeje? (Msomaji, Chumbageni, Tanga)

Jibu: Marahaba, mwanangu. Ziache kwanza hatua za hesabu, utazame ni kitu gani umekishikilia kwenye mlango wa kutokea. Chora mstari wa spidi, yaani nukta zote za spidi moja, kiasi cha hewa kikiwa chini na uwiano wa presha ukiwa pembeni. Karibu na stoli mstari huo hulala, hivi kwamba presha ikiongezwa kidogo tu, kiasi cha hewa hupungua sana. Na ukiagiza presha iliyo juu ya kilele, umeagiza hali ambayo haimo kabisa katika mstari, na hesabu haina pa kutua hata ukiiachia wiki nzima. Upande huo shikilia kiasi cha hewa, au weka sharti la vali, ambalo presha yake hupanda kwa mraba wa mtiririko kama ilivyo kwenye benchi la majaribio. Upande wa pili, hewa inapokabwa, yaani haiwezi tena kupita zaidi, mstari husimama wima, na hapo ndipo presha inapofaa kushikiliwa. Kipimo cha rota hii inapokabwa ni kilo 20.93 kwa sekunde. Ukiilazimisha modeli ipitishe zaidi ya kikomo chake, itagoma.

Kila nukta ianzie kwenye suluhisho la nukta jirani iliyokwisha kutulia. Mimi hupunguza mtiririko kwa asilimia moja moja, na nikiona ufanisi unaanza kuyumba hushuka kwa robo ya asilimia. Hewa ikirudi nyuma kwenye mlango wa kutokea, urefushe mfereji.

Usiyaamini mabaki ya hesabu, yaani makosa yanayobakia kwenye milinganyo, peke yake. Linganisha hewa inayoingia na inayotoka, kisha uangalie kama ufanisi na uwiano wa presha vimesimama kwa mamia ya marudio. Vikipanda na kushuka kwa mpigo ule ule, huenda mtiririko wenyewe hautulii, na hapo unahitaji hesabu inayofuata wakati. Tafadhali usiandike kwamba nukta ya mwisho kutulia ndiyo stoli, kwa sababu modeli inayoiga panga moja tu kati ya 36 za rota hii haiwezi kuonyesha stoli inayozunguka kutoka panga hadi panga.

Hilo joto la nyuzi 32 nalo lina madhara. Vipimo vya rota hii hurejelea hewa ya kelvini 288.15 (nyuzi 15) na mizunguko 17,188.7 kwa dakika. Ukiizungusha kwa spidi hiyo hiyo katika joto la Tanga, spidi iliyorekebishwa (spidi ikipimwa kwa kuzingatia joto la hewa) hushuka kwa asilimia 2.8 hivi, na mstari wote huhama, kwa hiyo presha ya stoli, kama uliichukua kwenye vipimo, si ya mashine unayoiiga. Rudisha kwanza kelvini 288.15, upate mstari unaolingana na vipimo, ndipo ulete joto la kwetu.